Daftari la vipimo

Jumamosi, 15 Februari 2025

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Ukurasa wa kwanza kuna bi harusi wa Ubungo: kifua 36, kiuno 29, nyonga 41. Nimeligeuza nikaanza kuandikia nyuma, maana usiku huu nisipoandika sitalala, na daftari jingine sina.

Mama yuko chumba cha watoto. Amefika tena jana kwa basi kutoka Muheza na begi moja, bahasha ya rufaa ameifunga kwenye pindo la kanga kama mtu aliyebeba fedha. Saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili B. Tulivyoelezwa ni kwamba imeshatoka kwenye mlango wa kizazi ikaingia nyama za pembeni, lakini haijafika ukuta wa nyonga. Ikifika hatua hii haikatwi kwa kisu, inatibiwa kwa mionzi. Mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila wiki dripu moja ya dawa. Kisha mionzi ya ndani mara 3. Yote yaishe ndani ya wiki 8, kwa sababu ukiacha mapengo ugonjwa nao unapata nafasi ya kuota upya.

Mama ana miaka 58. Hedhi ilimkoma akiwa na 51. Damu iliporudi alikaa nayo kimya miezi mitano, kisha akaenda zahanati moja akapewa dawa za yutiai. Akarudi, akapewa tena. Mara tatu! Mara zote tatu hakuna aliyempandisha kitandani kumtazama. Aliyemtazama ni mkunga mmoja aliyekuwa akipima wanawake kwa siki, naye alipofungua tu hakuhitaji hata hiyo siki. Hasira ninayo na nimeshindwa kuimeza.

Kabla ya kulala ameniuliza jambo moja tu: "Wataanza kunichoma Jumatatu?" Watu wote tunasema hivyo, kuchomwa mionzi. Nikamjibu ndiyo, kisha nikaenda jikoni nikasimama bila kazi.

Jumatatu, 17 Februari

Tumepanda mwendokasi Kimara saa 11 na nusu alfajiri, tukashuka Kivukoni, kisha bajaji hadi Ocean Road. Barabara siku hizi inaitwa Barack Obama, lakini dereva ukimwambia Ocean Road anajua ni kwa wagonjwa wa saratani na anapunguza mwendo kwenye matuta bila kuombwa. Jengo la mbele ni la zamani, lilijengwa na Wajerumani miaka ya 1890, lina mabaraza mapana, na upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye mabenchi. Mama amekaa akitazama maji. Kasema hapa panafaa mtu kuja akiwa mzima.

Wiki iliyopita, alipokuja siku mbili kwa vipimo, walimchora. Leo nimeiona michoro yenyewe: mstari katikati ya tumbo chini ya kitovu, na misalaba miwili ubavuni, mmoja kila upande. Nimeijua mara moja, ni kama chaki yetu. Kitambaa huchorwa kabla ya mkasi ili mkono usipotee. Fundi wa mashine akanambia isifutike. Asiisugue, asipake mafuta wala poda sehemu hiyo. Mama amepaka mafuta ya nazi maisha yake yote. Atavumilia.

Jingine la ajabu ni maji. Anakojoa kwanza, kisha anakunywa vikombe vitatu, anangoja nusu saa na zaidi bila kwenda chooni. Kibofu kikijaa kinausukuma utumbo juu, nao unaepuka kupigwa. Kwa hiyo mgonjwa huingia kwenye mashine akiwa amebanwa. Ndani analala peke yake, mlango mzito unafungwa, wote wanatoka. Dakika chache tu.

Ametoka akitembea vizuri. "Sikuungua," akasema, huku anajipapasa tumbo. "Nimesikia mlio tu."

Alhamisi, 20 Februari

Dripu ya kwanza jana. Ametapika usiku mara nne. Leo amekunywa uji wa mchele, ukakaa.

Baba kapiga simu. Alizunguka sana na habari za mvua na nyani waliovamia mahindi, hatimaye akalitoa: je, watoto walale naye chumba kimoja? Na sahani yake itengwe? Kumbe mtu kule amemwambia mionzi inabaki mwilini, inawapata wanaomgusa. Nikamwambia, baba, mashine ikizimwa hakuna kinachobaki, ni kama taa ukiizima chumbani. Mwanga hauendi kujificha kwenye godoro. Akasema sawa. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyesema sawa.

Mama alikuwa sebuleni, na simu yangu ina sauti kubwa. Chakula cha usiku amekula kwenye bakuli la plastiki la mtoto, na alipomaliza akaliosha mwenyewe.

Jumatano, 26 Februari

Mara ya 8. Amechoka uchovu nisioujua. Si wa kazi wala wa usingizi, maana analala na akiamka amechoka vilevile. Leo alianza kusuka nywele za binti yangu akafika nusu ya kichwa, mikono ikaanguka mapajani. Mtoto amekwenda madrasa na nusu ya nywele chini ya mtandio, hakusema neno.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Mama aliamka daku kabla yangu, nimemkuta amekaa na tende na maji, amenuia.

Tumegombana. Sijawahi kugombana na mama tangu niolewe. Nikamwambia hizo dripu zinataka maji mengi, bila maji figo zinaumia. Na maji ya kibofu je, kesho mbele ya mashine utafanyaje? Akasema amefunga tangu ana miaka 9, amefunga akinyonyesha, amefunga mwaka wa njaa. "Ugonjwa umenivua nguo mbele ya watu nisiowajua. Na saumu nayo uichukue?"

Sikuwa na jibu. Mume wangu ndiye aliyekaa naye chini, kwa adabu ya mkwe, akiwa ameinamisha uso, akamkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa iliyoandikwa, na siku hizo atazilipa akipona. Akakubali. Lakini chakula cha mchana amekula nyuma ya pazia, mgongo ukiwa mlangoni, na alikuwa analia anatafuna.

Jumanne, 4 Machi

Saa 9 usiku nimesikia maji. Si maji ya bomba lililofunguliwa. Ni uzi tu wa maji, kama mtu anayemimina kidogo kidogo asisikike. Nikasukuma mlango wa bafuni. Taa imezimwa. Mama amechuchumaa gizani, anafua.

Ndani ya ndoo kulikuwa na kanga mbili, shuka, na chupi zake zote. Zote, kwa sababu hakuwa na iliyobaki. Alikuwa amejifunga taulo la mwanangu. Aliponiona hakusimama, aliziba ndoo kwa mikono yake miwili, viganja vimetandazwa juu ya maji kana kwamba vinaweza kuficha.

"Nenda ukalale, mama," akaniambia. Ananiita mama akiwa ananibembeleza.

Nikawasha taa. Anaendesha tangu Jumatano iliyopita. Siku sita! Kila asubuhi nilimuuliza umeamkaje, akanijibu alhamdulillah, sijambo, nami nikaandika kwenye moyo wangu kwamba hajambo. Kwenye mwendokasi, saa nzima ya Kimara mpaka Kivukoni, alikuwa anasimama amebana miguu na kufumba macho, nikadhani anavuta uradi. Ndiyo maana hakuwa akila. Aliona asipokula hakutakuwa na cha kutoka.

Na zaidi ya hapo, mkojo unamchoma. Na katikati ya mapaja pamekuwa pabichi. Haya ya mwisho ameyasema ameelekeza uso ukutani.

Nimefua zile nguo. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ananitazama, hakuna aliyesema kitu mpaka adhana ya alfajiri.

Siku ileile, mchana

Nimemwendea sista wa kliniki, mama mtu mzima, nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Akasema hiyo ni wiki yake. Mionzi inaua seli zinazogawanyika upesi, na ngozi laini ya ndani ya utumbo nayo inajijenga upya upesi kila siku, kwa hiyo inaumia pamoja na ugonjwa. Ndivyo na kibofu. Huanza wiki ya pili au ya tatu, na hutulia wiki chache baada ya kumaliza. Inatibika. Lakini ijulikane.

"Ulimuulizaje?" akanambia.

"Nilimuuliza hali."

"Mtu mzima ukimuuliza hali atakwambia nzuri. Ndivyo alivyolelewa, na wewe ndivyo alivyokulea. Usimuulize hali. Muulize mara ngapi. Mara ngapi amekwenda, maji au uji, kuna damu au hakuna. Amekula vijiko vingapi. Akikujibu namba, niletee namba. Daktari hawezi kutibu alhamdulillah."

Mimi nimepima watu miaka 17. Hakuna mteja ninayemuuliza wewe mnene kiasi gani. Naweka futi.

Alhamisi, 6 Machi

Jana: mara 9, maji. Leo: mara 6. Vidonge vya kuzuia kuhara anavyo, na maji ya pakiti ya chumvi na sukari, anakunywa kikombe kila akitoka chooni.

Vyakula nimeambiwa niache kwa sasa: maharage, mboga za majani, maziwa, pilipili, na vyote vyenye mafuta mengi. Sasa baba alituma juzi kwa basi kiroba cha mihogo na nazi za futari, akijua mihogo ya nazi ndiyo mama anayoipenda. Nimegawa kwa majirani. Yeye anakula wali mlaini, ndizi mbivu, viazi vya kuponda, samaki wa kuchemsha niliyemnunua Feri. Vijiko 7 vya wali. Nimehesabu, naye ameniona nikihesabu.

Jumatatu, 10 Machi

Mara ya 16. Kuendesha: mara 4. Mkojo: unachoma mwishoni tu.

Damu imeshuka, iko 8.2. Daktari anaitaka ifike 10. Sababu aliyonipa nimeikariri: mionzi inafanya kazi vizuri mahali penye hewa ya oksijeni, na oksijeni inabebwa na damu. Damu ikiwa chache, uvimbe unajificha kwenye upungufu huo. Kaka yangu ametoka kazini kwake Tandika, ametoa chupa moja, na kijana wa duka la vitambaa jirani yangu naye ametoa. Hana udugu na sisi. Alisikia tu.

Jumanne, 11 Machi

Ngozi. Nilikuwa nikingoja wekundu kama walivyosema kwenye karatasi, lakini ngozi yetu haiwi nyekundu. Imekuwa nyeusi ti, nyeusi kama chini ya sufuria, kwenye kinena na kwenye mkunjo wa makalio, kisha ule weusi unabanduka na chini pametoka pekundu panapochuruza maji. Sista alisema wazi: kwa Mwafrika tazama weusi, usingoje wekundu, ukingoja wekundu umechelewa.

Anakaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, dakika 10, asubuhi na jioni. Sabuni ya harufu hakuna. Anapakausha kwa kugusagusa, hasugui.

Nguo zake nimezitazama kwa jicho la kazi yangu. Chupi za nailoni zenye lastiki inayokata palepale penye kidonda, na sketi zinazoshika mwili. Nimekaa kwenye cherehani mpaka saa 7 usiku. Nimechana kanga zangu mbili kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zimekuwa laini kama ngozi ya mtoto, nimemshonea vipande sita, vya kufunga kamba ubavuni, mshono wote nimeuweka nje ili ndani pasiwe na ukingo wa kumgusa. Na madera mawili ya pamba mapana, yasiyoshika popote. Nilipompima, kiuno kilikuwa 32. Alipokuja Februari nilimpima 35.

Amevaa. Akazunguka kidogo pale chumbani. "Hii haina habari na mimi," akasema, na nikaona meno yake kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Ijumaa, 14 Machi

Jambo ambalo sikuliuliza kwa sababu sikulifikiria. Mama haswali. Ameacha tangu damu iliporudi, tangu mwaka juzi! Mwanamke aliyenifundisha Fatiha. Anadhani kila kinachomtoka kinamzuia, naye kinamtoka kila wakati, basi akajihesabu kuwa mtu aliyefungiwa mlango. Amelisema leo baada ya adhana ya Ijumaa, kwa sauti ndogo mno, na nadhani lilimuuma kuliko kidonda.

Nimekwenda kwa mwalimu wa kike wa madrasa ya mtaani. Kanijibu bila kufungua kitabu. Damu ya ugonjwa si hedhi, haizuii sala. Mwenye udhuru usiokatika, adhana ikilia ajisafishe, aweke kitambaa safi, achukue udhu, aswali palepale. Kitakachomtoka katikati ya sala si juu yake. Kila faradhi na udhu wake. Akiwa hawezi kusimama, akae. Hawezi kukaa, alale.

Nikamrudia mama na maneno hayo. Akanirudisha nikaulize tena: hata kuendesha? Nikaenda, nikarudi. Hata kuendesha.

Magharibi ameswali amekaa kwenye godoro, mimi nyuma yake. Alikuwa amesahau kwamba nipo. Sijda ya mwisho ilikuwa ndefu sana mpaka nikaogopa.

Jumatatu, 17 Machi

Mara 5. Vijiko 10. Mvua kubwa, mwendokasi umejaa maji ya miavuli. Kijana mmoja alimpisha kiti, mama akakataa kukaa kwa sababu ya kidonda, kijana akadhani amemdharau. Nilitamani nimweleze.

Ijumaa, 21 Machi

Mara ya 25. Fundi wa mashine amemwambia michoro sasa aiache ifutike yenyewe. Hana hamu ya kuifuta. Anapita kidole juu yake.

Jumatano, 26 Machi

Mionzi ya ndani, ya kwanza. Sitaandika yote. Wanapitisha mirija mpaka kwenye kizazi, wanaipigia picha kuhakikisha imekaa, kisha chembe ndogo ya mionzi inatoka kwenye mashine, inapita ndani ya mirija, inakaa dakika chache karibu kabisa na ugonjwa, inarudi kwenye kasha lake. Hapa ndipo nguvu kubwa inapopelekwa bila kupita kwenye utumbo wote. Nimeelewa kwa nini ni muhimu, na daktari alikuwa na huruma, dawa ya maumivu alipewa.

Ila siku nzima mama hakusema na mtu. Alikuwa analala upande akiangalia ukuta na mkono mmoja ameushika mguu wa kitanda. Nilimuuliza maumivu mangapi kwa kumi. Akanyoosha vidole, sita. Nikampa kidonge. Baada ya saa moja akanyoosha vitatu bila kuulizwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Ya pili. Sikukuu imepita hapa katikati, watoto walivaa, mama alikaa sebuleni na dera lake akigawa sikukuu, sarafu za mia tano mia tano. Hakula pilau. Alinusa.

Alhamisi, 10 Aprili

Ya tatu, na ya mwisho. Siku ya 53 tangu tuanze. Tumeingia ndani ya zile wiki 8.

Sista akaniita pembeni, kuna maelekezo ya kwenda nayo nyumbani. Alipoanza nikajua siwezi kuyabeba. Njia ya uzazi baada ya mionzi hukauka, na kuta zake zinaweza kushikana na kuwa nyembamba. Wiki chache baadaye, pakishapoa, mwanamke aanze kutumia kifaa laini mfano wa kidole, na mafuta maalumu ya maji, mara mbili tatu kwa wiki, ili njia isifunge. Na habari za mume nazo zina maelekezo yake.

Nikamwambia, sista, huyu ni mama yangu mzazi. Mdomo wangu hauwezi. Kwetu mtoto hamwambii mama mambo hayo, hata awe na wajukuu. Akasema anajua, ndiyo maana ataongea naye yeye mwenyewe, mimi nikae barazani.

Na nilikuwa nimeshajiandaa kidogo. Mama Mkubwa, dada yake, amefika juzi kutoka Tanga. Yeye ndiye aliyenifunda mimi nilipovunja ungo, na nusu ya mabinti wa mtaa wake. Ana miaka 70 na ushee, hakuna neno la mwili linalomtisha. Ameingia pamoja na mama. Wamekaa huko dakika 40. Mimi nimekaa kwenye benchi natazama meli zikingoja zamu ya bandari.

Walipotoka, Mama Mkubwa alikuwa mbele, ameshika mfuko wa karatasi kama aliyetoka dukani. Usiku, mama akiwa amelala, kanidokeza tu kidogo. Mama alikataa mwanzoni, akasema yeye ni mzee, hayo yameshapita, kifaa hicho apewe kijana. Sista akamweleza kwamba njia ikifunga, daktari atashindwa kuchungulia kwenye kliniki zake, na ugonjwa ukirudi hakuna atakayeuona. "Hapo akanyamaza," Mama Mkubwa akasema. "Nikamwambia, mdogo wangu, ulijificha mara ya kwanza, umeona kilichotupata."

Kiuno: 31.

Jumamosi, 24 Mei

Yuko Muheza tangu mwisho wa Aprili. Baba alimpokea stendi. Jirani kasema alimbebea begi mpaka nyumbani, mzee yule ambaye hajawahi kubeba begi la mwanamke njiani.

Simu ya leo: choo mara 2, kigumu. Mkojo hauchomi. Amekula ugali nusu ya mkono wake, kwa kisamvu kidogo, kimemkubali. Uchovu bado, akipanda kile kilima cha kisimani anakaa mara mbili.

Mimi mwenyewe nimekwenda kupimwa. Nilikuwa naogopa, nimekwenda hivyohivyo. Siki, dakika chache, haiumi. Niko salama. Binti yangu alichanjwa shuleni mwaka jana, chanjo ile ya wasichana wa miaka 9 hadi 14, sindano moja. Siku ile niliposaini karatasi sikuisoma. Leo nimeitafuta kwenye kabati, nimeisoma yote.

Jumanne, 15 Julai

Kliniki ya miezi mitatu. Daktari ameangalia, ameona njia iko wazi, hakuna kitu cha kutilia shaka. Mama ameanza kulipa saumu zake, Jumatatu na Alhamisi, kwa ruhusa ya daktari. Amebakiza 21.

Jumapili, 5 Oktoba

Baba kapiga simu saa 12 asubuhi. Nilimwamkia shikamoo, marahaba yake haikuisha.

"Mama yako ameona damu. Sikiliza. Njia ya choo, si mbele. Jana mara moja, leo mara moja. Kiasi cha kijiko cha chai. Nyekundu mbichi, haijachanganyika. Choo chenyewe kigumu. Tumbo haliumi. Homa hana."

Nikanyamaza. Akadhani simu imekatika, akarudia yote tangu mwanzo, kwa mpangilio uleule, na nikasikia karatasi. Alikuwa anasoma. Baba yangu ameandika.

Nikamuuliza mama yuko wapi. Akasema yupo hapa, ndiye aliyemwambia, na ndiye aliyesema aandike asije akakosea.

Mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kutunga uzi. Nilijua neno moja tu: imerudi. Nimefunga duka, nimekaa chini ya meza ya kukatia kama mtoto. Kisha nikaandika hapa namba zake zote, na nikapiga simu kliniki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wamekuja wote wawili. Baba amekaa kwenye benchi la Ocean Road, kofia ameivua ameiweka gotini, mkono wake mwingine uko juu ya kiti cha mama.

Daktari ameuliza maswali manane, mama amejibu yote manane, akitazama usoni. Mbele au nyuma. Rangi gani. Kiasi gani. Wamemwangalia ndani. Haijarudi. Ni mishipa midogo ya damu kwenye ukuta wa utumbo wa chini, ule unaopakana na kizazi. Mionzi iliipitia, na sasa, miezi baadaye, imekuwa dhaifu na inavuja choo kikiwa kigumu. Kuna wanaopata mwaka wa pili au wa tatu. Amepewa dawa, anywe maji, choo kisimkazie, na damu ikizidi arudi upesi. Hakuna aliyetuahidi kwamba haitatokea tena.

Tumerudi Kimara. Mama amekula samaki mzima wa kukaanga, kichwa na mkia. Baba amelala kwenye kochi na viatu. Jioni mama akaja dukani na kitenge alichonunua mwenyewe Kariakoo, cha bluu na manjano, akasimama mbele ya kioo akainua mikono nimpime. Nikachukua futi, nikaanza kumwachia nafasi kama nilivyozoea. Akaushika mkono wangu.

"Ikate kiunoni. Madera nimechoka."

Nimemwandika upande wa mbele, na wateja wengine.

Mama. Kifua 40, kiuno 34, nyonga 43, urefu 54. Gauni la kukata kiunoni, zipu nyuma. Kitenge chake. Kuchukua Jumamosi.